Mficha Uzima

Uji wa Hosiana haukuwa na kosa. Ulikuwa uji wa mtama na soya, umekorogwa kwa subira mpaka hauna hata donge moja, umeachwa upoe kiasi cha kutounguza ulimi. Haukuwa na sukari wala chumvi. Mtu angeweza kuunywa na kuusahau, kama si yule aliyekuwa akiupika. Maana Hosiana hakumpa mama mkwe wake bakuli akaenda zake. Alikaa naye mkekani, akachukua bakuli la pili, akanywa uji uleule usio na ladha, ili mama asijione peke yake duniani.

Hilo ndilo lililomchoma mama mkwe huyo, Scolastika, kila asubuhi.

Kijiji kizima cha Samuye kilimwita Mama Maige, kwa jina la mwanawe, mume wa Hosiana, aliyekuwa akichimba dhahabu huko Geita. Mumewe alikufa zamani. Mwaka uliopita aliugua saratani ya titi, akapelekwa hospitali kubwa Mwanza, akakatwa, akatundikiwa dawa zile zinazomwagika mwilini kama maji ya moto, akapigwa mionzi. Katika safari zote hizo Hosiana alikuwa pembeni yake. Nywele za Scolastika zilipodondoka, Hosiana naye alichukua wembe akanyoa kichwa chake chote. Wanawake wa kijiji walimgombeza sana. Kwao kunyoa namna ile ni kwa msiba, na hapa mtu bado anapumua. Hosiana aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akasema nywele ni zake na mama ni wake.

Ndiye mkamwana huyo. Sasa umdanganye.

Na Scolastika alimdanganya, tena pale pale hospitali, siku daktari alipomwambia kwamba matibabu yamekwisha na vipimo ni vizuri. Hosiana alikuwa amekwenda dirisha la dawa. Daktari, msichana aliyelingana na kitinda mimba wake, akafunga faili, akamuuliza kama ana swali. Maswali alikuwa nayo. Alikuwa amekaa nayo kifuani toka walipopanda basi: kama ule ugonjwa utarudi, kama mkono utaweza tena kushika jembe, kama anaweza kujitwisha ndoo. Alipofungua mdomo, likatoka jingine kabisa.

"Daktari, na pombe je?"

Daktari alicheka, lakini si kwa ubaya. "Isiwe mazoea, mama. Siku moja moja, kwenye sherehe, kikombe kidogo, sitakugombeza. Na chakula kula kile roho yako inapenda. Mwili wako umetoka vitani, unataka kulishwa."

Mwingine angetoka mle chumbani anaimba. Scolastika alitoka uso umemwiva kwa aibu. Jumuiya yote ya kanisa ilikuwa imefunga Ijumaa kwa Ijumaa kwa ajili yake. Wazee walipiga magoti wakiomba, na magoti yao wanayajua wenyewe. Mtoto wa watu amenyoa kichwa. Na yeye, mlango wa uzima ulipofunguliwa tu, la kwanza kuuliza ni pombe, kama mlevi wa gulioni. Hosiana aliporudi na dawa, akauliza daktari amesemaje, Scolastika aliangalia sakafu akasema, "Amesema tuendelee hivyo hivyo."

Hivyo hivyo ilikuwa ni yale masharti ambayo hakuna daktari aliyeyatoa. Jirani alisema nyama nyekundu huulisha ugonjwa. Sauti fulani redioni ilisema sukari. Mama mmoja wa kanisani akaongeza chumvi, mwingine akasema karanga huchemsha damu. Hosiana alikuwa amemaliza darasa la saba tu, ila kichwa chake kilishika kila kilichoingia. Aliyabeba masharti yote kama mtu anayeokota kuni, hakutupa hata kijiti. Na kila alichomkataza mama, alijikataza na yeye mwenyewe.

Kwa muda mrefu Scolastika hakuona taabu. Dawa zilikuwa zimemharibu mdomo. Kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba jembe lililosahauliwa mvuani. Uji ulikuwa chuma, maji yalikuwa chuma. Kisha, mvua za kwanza zilipoanza, alikuwa akipita nyuma ya nyumba ya Rhoda, akasikia harufu ya nsansa. Zile mboga za kunde zilizokaushwa, zinazochemka taratibu na karanga za kusaga, alizokula toka hajaota meno. Mate yakamjaa. Alisimama pale njiani ameshika shavu, kama aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

Rhoda alikuwa rafiki yake tangu usichana. Mjane kama yeye, mpika pombe ya mtama, macho yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi. Alimwona pale, akamwita ndani bila kumuuliza lolote. Akampakulia. Scolastika alikula na machozi yanamtoka, akaeleza yote aliyoambiwa na daktari, na kwa nini hawezi kuyasema nyumbani.

"Kula, mwenzangu," Rhoda alimwambia. "Kansa imeshindwa kukuua, usije ukauawa na uji."

Basi ikawa ndiyo njia yake. Nyumbani anaaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu, au kumjulia hali mgonjwa fulani, akiinama kidogo wakati wa kutoka ili aonekane dhaifu. Akishapita ule ua wa minyaa anajinyoosha, anakaza mwendo. Kwa Rhoda kulikuwa na michembe ya viazi vitamu ya kuloweka, maziwa mgando, siku nyingine kipande cha mbuzi kilichobanikwa mpaka mafuta yanalia kwenye makaa. Na mara moja moja, si kila siku, kikombe kidogo cha pombe. Alikinywa polepole, akikishika kwa mikono miwili. Hakulewa. Alichokuwa akikitafuta mle kikombeni si kulewa. Ni kuketi na mwenzake, wakicheka mambo ya ujana wao, na mtu asimtazame kama mtungi wenye ufa.

Akirudi alitafuna majani ya mpera ili kuua harufu. Njiani, akitafuna, furaha yote ilimtoka. Mwanamke mzima mwenye wajukuu, anatafuna majani kama mbuzi.

Rhoda alimtania kwa hayo, lakini siku moja hakutania. Alimwambia mambo ya siri yana mguu mmoja, hayafiki mbali. Akasema wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila yeye tangu azaliwe hajawahi kuona mtu anayeficha uzima. Scolastika akamuahidi atasema. Atasema Jumapili. Jumapili ikapita na nyingine.

Kilichokuja kumfunga ni tumbo lake mwenyewe. Aliyeshiba kwa Rhoda hawezi tena kunywa uji nyumbani. Alianza kuacha nusu bakuli, kisha bakuli zima, akisingizia hana hamu. Hosiana alikuwa si mtu wa kusema haraka. Aliangalia tu lile bakuli, akamwangalia mama usoni, akaangalia tena bakuli. Tangu hospitali alijua kwamba mgonjwa wa saratani akianza kukataa chakula, hilo si jambo la kuchezea.

Kisha ikaja ile siku ya mbuzi mnono. Tumbo lililozoea uji halikuyaweza yale mafuta. Scolastika alirudi nyumbani akijikamata kiuno, akafika nyuma ya zizi, akatapika. Alipoinua kichwa alimwona Hosiana amesimama na ndoo, hajatikisika.

"Mama, imeanza lini?"

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Hata yeye alipajua. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini angelianzaje? Angeanza na mbuzi, au pombe, au daktari? Angemwambia nini huyu ambaye uji wa chumvi hajauonja toka mwaka jana?

"Sijisikii kula tu, mwanangu," akasema.

Hosiana alitua ile ndoo chini polepole, akaingia ndani kutafuta simu.

Maige alifika kesho yake, vumbi la machimbo bado liko kwenye masikio. Alipiga goti kwa mama yake, akamwamkia. Scolastika alilazwa mkekani barazani, akafunikwa khanga na joto lile. Watu wakaanza kuja kukaa naye. Kila aliyekuja alikuja na kitu, na jogoo aliyeletwa kwa ajili ya mgonjwa alichinjwa kwa ajili ya wageni, maana mgonjwa kakatazwa. Alilala pale akisikia harufu ya mchuzi, mate yanamjaa mdomoni, anageuka ukutani kuyameza. Wageni wakasema masikini, anaona kichefuchefu hata kwa harufu.

Aibu nayo ina njaa yake. Kadiri alivyoona haya ndivyo alivyoshindwa kula hata uji, na kadiri alivyoshindwa ndivyo alivyozidi kufanana na mgonjwa.

Alichosikia jioni ya siku ile kilimmaliza. Maige alikuwa uani akiongea na simu. Kule machimboni Nyarugusu, yeye na wenzake walikuwa wamechimba duara moja, shimo lao, kwa msimu mzima bila kuona kitu, wakila kwa kukopeshana. Sasa mwamba wenye dhahabu ulikuwa umeanza kuonekana. Na sheria ya duara inajulikana: anayetoka wakati mwamba unageuka, nafasi yake inaingiwa na mwingine. Scolastika alimsikia mwanawe akisema sawa, amwingize tu huyo jamaa, mama ni mmoja. Halafu akamsikia akikata simu. Jumatatu, akamwambia Hosiana, wanampeleka Mwanza.

Jumamosi asubuhi kikaja kikundi cha kulima. Mzee Mwigulu, kiongozi wao, alisema shamba la Mama Maige limeshikwa na magugu, na haifai mgonjwa afe akiliangalia. Walilima toka umande mpaka jua likasimama kichwani, wakiimba. Kazi ya namna hiyo haina mshahara, ina pombe. Hosiana hanywi wala hapiki pombe, kwa hiyo alimwagiza Rhoda, na Rhoda akaleta mtungi umejaa, kajitwisha mwenyewe, akautua katikati ya ua.

Wakulima wakakaa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Kwa desturi mpikaji huonja kwanza, watu waone kwamba hakuna kitu ndani yake. Rhoda alichota kwa kata, akanywa. Bado wakakaa. Scolastika, pale barazani, aliona jinsi walivyokuwa hawamwangalii Rhoda usoni, na akajua kwa nini. Maana maneno yalikuwa yameanza kisimani, naye akaletewa barazani na mgeni mmoja kama habari ya huruma. Kwamba siku ile alipotapika, alionekana akitoka kwa Rhoda ameshika tumbo. Kwamba alikuwa akienda huko mara nyingi, na kila akienda anarudi hali chakula. Kwamba Rhoda na macho yale. Katika nchi ile watu wanajua maneno ya namna hiyo, ya macho mekundu na uchawi, huishia wapi kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake, kwa hiyo hakuna aliyeyatamka mpaka mwisho. Scolastika aliyasikia, akajiambia yatapita. Ndivyo alivyojiambia.

Mwigulu alikohoa. "Rhoda, si kwamba tunakudhania vibaya. Lakini mwenye shamba ndiye hufungua mtungi. Na mwenye shamba ndiyo huyo kalala."

Maige akasimama. Alizungumza kwa heshima, macho chini. "Mayu, mama yangu, samahani. Rudi na mtungi wako tu. Hawa nitawatafutia soda."

Rhoda angeweza kusema. Neno moja lingemtosha, na mashahidi walikuwa wamejaa ua mzima. Aligeuka tu akamwangalia rafiki yake barazani, mara moja, kisha akainama kuchukua kata yake. Mkono uliikosa mara mbili kabla ya kuishika. Scolastika alikuwa amewahi kuona mkono ule ukigeuza vyungu vya moto bila kitambaa.

Akajifunua ile khanga, akasimama.

Watu walifikiri anaweweseka. Hosiana alikimbia amshike, akamwondoa mkono. Alivuka ua kwa miguu yake, mwendo ule ule anaoutumia akishapita ua wa minyaa, akachukua kata kwa Rhoda, akachota, akanywa. Hakuonja. Alikunywa mpaka akaona chini ya kata, na ilikuwa pombe nzuri, na hata katika dakika ile ulimi wake uliona kwamba ni nzuri, naye akazidi kuona aibu.

"Siumwi," akasema. "Nimekuwa nikila kwa Rhoda. Nyama, nsansa, na hii hapa. Nikirudi hapa nimeshiba. Siku ile nilivimbiwa na mafuta ya mbuzi. Rhoda hajanipa chochote ambacho sikumwomba."

Akaona hajamaliza.

"Daktari aliniruhusu. Nilimuuliza mwenyewe."

Mwigulu ndiye aliyetangulia. Alisema basi leo wamefanya jambo jipya, wamemlimia mtu mzima wa afya, tena tajiri anayekula mbuzi. Watu wakacheka. Kata ikaanza kuzunguka. Kicheko kile kilimwokoa Rhoda, Scolastika alikiona kikimwokoa, kila mkono ulionyooshwa kwenye mtungi ulikuwa ukifuta neno moja la kisimani. Yeye kilimchuna ngozi. Alisimama pale katikati akakipokea chote.

Maige hakucheka. Alimsogelea, akamwambia kwa sauti ndogo, ya wao wawili tu, "Mama, nimeacha duara kwa ajili ya mafuta ya mbuzi?"

Mwanawe alisubiri kidogo, pengine alitaka hata uongo, kisha akatoka kwenda kukaa shambani kwenye udongo mbichi uliolimwa.

Mtungi ulipokwisha, Rhoda aliujitwisha. Scolastika alimsindikiza mpaka kwenye minyaa. Alitaka kusema asante, akataka kusema samahani, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, vyote viwili vikagoma.

"Uliyasikia maneno yao siku ngapi?" Rhoda aliuliza.

"Niliyasikia."

"Haya." Akaenda, shingo imenyooka chini ya mtungi, hakugeuka.

Jua lilikuwa linaegemea magharibi wakati Hosiana alipokuja na mabakuli mawili, kama kawaida. Aliweka moja mbele ya mama mkwe wake, jingine mbele yake mwenyewe, akakaa mkekani. Kichwa chake kilikuwa kimeota nywele fupi tu, bado hazijashika kitana. Hawakunywa.

"Alikuambia lini, mama?"

"Siku ya mwisho. Ulikuwa dirisha la dawa."

Hosiana aliitika kwa kichwa. Scolastika alimwona akirudi nyuma kimawazo, bakuli kwa bakuli, tangu siku ile mpaka leo. Afadhali angepiga kelele. Afadhali angemwaga ule uji.

"Niliona haya," Scolastika akasema. "Wewe umeninyolea kichwa, mimi nauliza pombe. Niliona nikikuambia utajuta."

"Ningejuta?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa najuta kwa niaba yako."

Mkamwana wake akainuka, akaingia jikoni, akarudi na kopo la chumvi. Akatia katika bakuli lake mwenyewe kwanza, akakoroga kwa kidole, akaonja. Akafumba macho. Ilikuwa chumvi tu. Scolastika alitazama pembeni, maana aliona ameingia mahali pasipo pake.

"Kesho nikupikie nini?" Hosiana akauliza, macho bado kafumba.

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo zima, na harufu yake, na sufuria yake. Lakini ulimi ukamwia mzito, akasema, "Chochote tu, mwanangu."

"Chochote ndiyo imetufikisha hapa, mama."

Hakusema kwa hasira. Alilisogeza kopo la chumvi mkekani mpaka likagusa goti la mama mkwe wake, akaliacha hapo.

Scolastika aliinamisha kichwa. "Nsansa," akasema. Na kwa kuwa Hosiana bado alikuwa akisubiri, akaongeza, "Ya karanga. Lakini tusiilie hapa. Tuibebe mchana, tupite njia kubwa, watu watuone, twende tukaile kwa Rhoda. Kama atatufungulia."

Hosiana hakusema atafungua, wala hakusema hatafungua. Aliingia ndani, na punde Scolastika akasikia karanga zikimwagwa kwenye ungo.